Usiwe Mpangaji wa Sauti

Mkaaji wa mitaa ya mashariki ya Nairobi hana haja ya kufundishwa maana ya kupanga. Mitaa mingi ya upande ule ilijengwa zamani za ukoloni kwa nia ya kumweka mfanyakazi Mwafrika karibu na kazi yake, alipe kodi, na siku nguvu zikimwisha arudi kwao. Pumwani ilianzishwa katika miaka ya 1920. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940. Makongeni ilikuwa ya wafanyakazi wa reli. Na baadaye ikafuata mitaa kama Bahati, Mbotela, Ofafa, Maringo na Jericho. Mpangaji wa nyumba hizo aliweza kuzifagia, kuzipamba, kuzaa na kulea watoto ndani yake. Walakini hakuwa na ruhusa ya kutoboa dirisha mahali alipotaka upepo uingie. Nakuomba, msomaji, uliweke akilini dirisha hilo, maana nataka kukueleza upangaji wa namna nyingine. Huo haulipiwi kodi mwisho wa mwezi, wala hauna karani wa kubisha mlango, nao unakua katika mitaa hiyo hiyo mbele ya macho yetu. Ni upangaji wa sauti.

Mitaa hii haikupata kuona njaa ya muziki. Dandora, mtaa ulioanzishwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa fedha za Benki ya Dunia, ulitoa kundi la Kalamashaka, ambalo katika miaka ya 1990 lilionyesha kwamba Kiswahili na Sheng vyaweza kuubeba muziki wa kufokafoka bila kuazima ulimi wa mtu. Mtaa wa California uliwatoa Nonini na Jua Cali, na studio ya Calif ikaueneza muziki wa genge nchini kote. Umoja ilitoa kundi la Ethic, mmoja wa waanzilishi wa gengetone mwaka 2018. Huko Korogocho, tangu mwaka 2008, watoto wa Ghetto Classics wamejifunza fidla na tarumbeta jirani na jaa kuu la jiji. Mtu asemaye kwamba mashariki ya Nairobi haina vipaji hajapata kutembea huko akiwa na masikio.

Basi kijana wa leo wa mitaa hiyo akitaka kutengeneza wimbo, hahitaji bendi. Anahitaji kompyuta, spika mbili za kusikilizia, na programu yenye sinthesaiza ndani yake, yaani kinanda cha umeme kinachoumba sauti badala ya kuipokea kutoka kwa uzi au ngozi. Programu hiyo humjia na maelfu ya sauti zilizokwisha kutengenezwa na mafundi wa nchi nyingine. Yeye hufungua orodha, huchagua moja, huibonyeza, huitandika chini ya maneno yake, na wimbo huwa tayari kabla ya chai kupoa. Mwulize: mbona sauti hii inatetemeka hivi? Mbona inafunguka na kufunga kama mlango katika upepo? Atakujibu, ‘Ndivyo ilivyo.’ Msomaji, hilo ni jibu la mpangaji. Ameikuta nyumba hivyo, ataiacha hivyo.

Hoja yangu ni moja, nami nitaishika mpaka mwisho: kijana atakaye kuitwa fundi wa sauti hana budi kujua ni kitu gani kinachoitikisa sauti, na shule imtakayo awe fundi haina budi kumfundisha. Kitu chenyewe ni kidogo, kimefichika, na chaweza kuelezwa kwa lugha nyepesi. Hakuna udhuru wa kukikosa.

Tuanze na jambo ulilofundishwa darasani. Sauti ni mtetemo. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia kama 20 kwa sekunde hadi kama 20,000 kwa sekunde. Sauti ambayo wanamuziki huitumia kulinganishia ala zao ina mitetemo 440 kwa sekunde. Ndani ya sinthesaiza kuna sehemu iitwayo osileta, ambayo kazi yake ni kuzalisha mitetemo hiyo. Osileta ikienda mara 440 kwa sekunde, spika italia nawe utaisikia. Lakini iendeshe polepole, chini ya mara 20 kwa sekunde. Iendeshe mara tano kwa sekunde, au mara moja katika sekunde kumi. Hapo sikio haliipokei tena kama sauti. Je, imekuwa bure? La. Mafundi waliiunganisha na viungo vingine vya ala ile ile, ikawa kama mkono usiochoka ulioshika kifundo cha redio na kukizungusha mbele na nyuma kwa mwendo mmoja. Hiyo ndiyo osileta ya polepole. Yenyewe haisikiki, bali kila kinachosikika kinaitii. Kazi yake ya kuiyumbisha sauti kwa kipimo huitwa modulesheni.

Usiogope jina. Mambo yenyewe unayajua tangu utotoni, na waweza kuyajaribu leo bila senti moja. Keti mbele ya feni inayozunguka, useme ‘aaa’ kwa sauti ndefu. Utasikia sauti yako imekatwa vipande vipande, kwa sababu mapanga ya feni yanaizuia na kuiachilia, yanaizuia na kuiachilia. Sauti imeongezeka na kupungua nguvu kwa mwendo wa feni. Osileta ya polepole ikifungwa kwenye nguvu ya sauti, hufanya hivyo hivyo. Sasa ondoka kwenye feni, uimbe ‘aaa’ ukiitetemesha kooni kama mwimbaji wa taarabu amaliziapo ubeti. Hapa nguvu haibadiliki sana. Kinachopanda na kushuka ni wembamba na unene wa sauti. Waimbaji waliofunzwa, na wapiga fidla watikisao kidole juu ya uzi, hutetemesha hivyo mara tano hadi saba hivi kwa sekunde. Osileta ikifungwa kwenye wembamba wa sauti na kupewa mwendo huo, kinanda cha umeme huanza kuimba kama kiumbe chenye pumzi. Mwisho, imba ‘aaa’ ukifunika kinywa kwa kiganja na kukifunua. Utasikia ‘waa, waa, waa.’ Kiganja chako kimekuwa kichujio: kinazuia mitetemo ya kasi, kinaacha ile mizito ipite, kisha kinaziachilia zote. Osileta ikifungwa kwenye kichujio cha sinthesaiza, huwa kama kiganja hicho.

Feni, koo na kiganja: umekwisha kujua sehemu kubwa ya elimu hii. Iliyobaki ni maswali manne ambayo fundi hujiuliza kila mara. La kwanza, osileta imefungwa wapi? La pili, inakwenda kwa kasi gani? La tatu, inasukuma kwa kina gani? La nne, wimbi lake lina umbo gani?

Swali la kasi ni hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari aiweza. Wimbo wenye mapigo 96 kwa dakika una mapigo 1.6 kwa sekunde. Ukitaka sauti itetemeke mara mbili katika kila pigo, osileta yako izunguke mara 3.2 kwa sekunde. Ukitaka ivimbe na kunywea mara moja tu katika mapigo manne, izunguke mara 0.4 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja katika sekunde 2.5. Hapo mtetemo utacheza pamoja na ngoma. Ukiiacha kasi ovyo, mtetemo utakwenda njia yake na ngoma itakwenda njia yake, na msikilizaji atachoka asijue sababu.

Swali la kina ni swali la adabu. Mtetemo ule ule ukiwa na kina kidogo ni machozi katika sauti ya mwimbaji. Ukiwa na kina kikubwa ni king'ora. Tofauti ya huzuni na gari la zimamoto ni mzunguko mdogo wa kifundo kimoja.

Swali la umbo nalo lina siri zake. Wimbi la saini hupanda na kushuka kwa ulaini kama kifua cha mtu aliyelala. Wimbi la mraba halina katikati: liko juu, mara liko chini, kama king'ora cha sauti mbili cha gari la wagonjwa. Wimbi la msumeno hupanda taratibu kisha huanguka ghafula, au huanguka taratibu na kupanda ghafula. Tena liko lisilo na mpango, lirukalo huku na huku kama matone ya kwanza ya mvua juu ya mabati. Mtu mmoja, kinanda kimoja, kidole kimoja juu ya kitufe kimoja. Ila kwa kubadili umbo la wimbi lisilosikika, amesema mambo manne tofauti.

Sasa nawaendea wanaopinga, maana wapo, na baadhi yao ni watu wa heshima. Wa kwanza ni mzee asemaye kwamba chombo cha umeme si muziki, kwamba mashine inajipiga yenyewe na kijana amekaa kama mtazamaji. Namheshimu mzee huyu, lakini siwezi kukubaliana naye. Kodiani ilikuwa mashine ya wageni, hata wacheza mwomboko wakaifanya yao. Gitaa la umeme lilikuwa mashine ya wageni, hata akina Fadhili William na Daudi Kabaka wakalipiga Nairobi katika miaka ya 1960, na leo mzee huyo huyo hulilia akilisikia. Mashine haijipigi. Osileta ya polepole haijui iende wapi, kwa kasi gani, kwa kina gani, wala kwa umbo gani, mpaka mtu aiambie.

Tena mzee wangu akumbuke kwamba watu wetu waliupenda mtetemo kabla ya umeme kufika. Mpigaji wa nyatiti hatosheki na nyuzi nane. Hujifunga njuga mguuni na kuvaa pete ya chuma kidoleni cha mguu, agonge ala huku akipiga, ili sauti safi ya uzi ipate mchakacho na mguno ndani yake. Mpigaji wa orutu ana uzi mmoja tu, lakini kidole chake hauachi utulie. Haja hiyo hiyo iliwakamata watu wa mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Mmarekani Don Leslie alianza kuuza kipaza sauti cha kinanda chenye pembe izungukayo, ili sauti izunguke nayo na kutetemeka. Katika miaka ya 1950 vikuza sauti vya gitaa vilitiwa kifundo cha kutetemesha. Don Buchla na Robert Moog walipounda sinthesaiza zao za kwanza Marekani, mnamo 1963 na 1964, walikuta watu wana kiu ya zamani. Hata Minimoog ya mwaka 1970, iliyokuwa na osileta tatu, ilifanywa hivi: ile ya tatu yaweza kushushwa chini ya usikivu wa sikio, iache kuimba na badala yake iwatikise wenzake. Sauti iliyonyooka kama rula huchosha sikio. Kutikisika ndiko uhai wake.

Mpinzani wa pili ni kijana mwenyewe. Huyu asema: ‘Sauti za tayari ni nzuri, na watu wanacheza. Kwa nini nijisumbue?’ Nakubali kwamba ni nzuri, na kwamba nyimbo kubwa zimetungwa juu yake. Anayeanza na aanze nazo, kama mtoto aanzavyo kwa kuiga mwandiko wa mwalimu. Walakini msikilize mwaka 1983 useme. Mwaka huo kampuni ya Yamaha ya Japani ilileta sinthesaiza ya DX7. Ilikuwa na uwezo mkubwa, na osileta ya polepole ilikuwamo, lakini kuipanga kulikuwa kugumu, na wapigaji wengi wakatosheka na sauti zilizotoka nazo kiwandani. Matokeo yake ni kwamba nyimbo nyingi za miaka ya 1980, za nchi mbalimbali na lugha mbalimbali, zinalia kinanda kimoja, kengele moja, besi moja. Watu walidhani wanaimba mambo yao, kumbe wote walikuwa wamepanga nyumba moja.

Katika miaka hiyo hiyo alikuwako Mwafrika aliyekataa. William Onyeabor wa Enugu, Nijeria, alitoa albamu nane kati ya 1977 na 1985, akizirekodi na kuzitoa mwenyewe, sinthesaiza zake zikitetemeka na kugugumia kwa namna ambayo hadi leo haichanganywi na ya mtu mwingine. Karibu nasi yuko Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi ajulikanaye kama KMRU, mjukuu wa mwimbaji mashuhuri wa jina hilo hilo. Albamu yake ‘Peel’ ya mwaka 2020 ilisikilizwa Ulaya na Marekani, nayo imejaa sauti zisogeazo polepole mno, ambazo huwezi kuzikuta zimepangwa tayari katika orodha ya kiwanda. Dunia haikumwita kijana huyu ili arudie yale iliyokwisha kuwa nayo.

Na kama heshima haimtoshi kijana wetu, basi afikiri faida. Kipande cha muziki kilichouzwa kwa mmoja kimeuzwa kwa maelfu. Mitambo ya YouTube hutambua nyimbo kwa kulinganisha sauti na sauti. Wimbo wako ukiwa umejengwa juu ya kipande ambacho watu wengine wamejengea, yaweza kutokea ukadaiwa kuwa wa mwingine, na pato likazuiwa ukiwa bado unaeleza. Mtu hanyang'anywi sauti aliyoiumba kwa wepesi anaonyang'anywa sauti aliyoiokota. Ile uliyoitikisa kwa vipimo vyako ina alama ya mkono wako.

Aende Kamukunji, karibu na Shauri Moyo, awatazame mafundi wa jua kali. Fundi wa pale hupokea pipa kuukuu la mafuta. Hasemi, ‘Ndivyo lilivyo.’ Hulipasua, hulinyoosha kwa nyundo, hulikunja, na jioni pipa limekuwa sanduku la mwanafunzi wa bweni au jiko la makaa. Hakuyeyusha madini yeye. Chuma kilitoka kiwandani, kama programu ya kijana ilivyotoka kiwandani. Kilicho chake ni ujuzi wa mahali pa kugonga. Huyo ni mwenye nyumba katika kazi yake ingawa anakaa chumba cha kupanga. Ni aibu kwamba sanduku la bati lina fundi na wimbo hauna.

Mpinzani wa tatu asema kwamba elimu hii ni ya matajiri. Ni kweli kwamba sinthesaiza ya vifundo na nyaya huuzwa kwa bei ambayo mzazi wa Kayole hawezi kuitazama mara mbili. Lakini elimu haimo katika nyaya. Programu ya Audacity, itolewayo bure tangu mwaka 2000, ina chombo cha kutetemesha sauti: unachagua umbo la wimbi, unachagua kasi, unachagua kina, kisha unasikiliza. Programu ya LMMS nayo ni ya bure, na ala nyingi zilizomo zina osileta ya polepole. Vital, iliyotoka mwaka 2020, ina toleo la bure ambalo hukuonyesha wimbi likienda mbele ya macho yako, na hukuruhusu kulichora umbo utakalo. Hizi zaweza kuwekwa katika kompyuta ya shule. Kwa hiyo umaskini ni kizuizi cha kweli kwa mambo mengi, ila hapa mara nyingi anasingiziwa. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mtoto kwamba mlango uko wazi.

Na mtu huyo alipaswa kuwa mwalimu. Hapa naja kwa mpinzani wa nne, ambaye hasemi neno lolote, naye ndiye mwenye nguvu kuliko wote: ni mazoea ya shule zetu. Katika chumba kimoja mwalimu wa fizikia huchora wimbi ubaoni, akaandika kimo chake, urefu wake na marudio yake kwa sekunde, na wanafunzi wakanakili kwa ajili ya mtihani. Katika chumba cha pili mwalimu wa muziki huwaambia wanafunzi waitetemeshe sauti mwishoni mwa ubeti, nao wakaitetemesha kwa ajili ya tamasha. Katika chumba cha tatu zimefunikwa kompyuta, na wanafunzi huruhusiwa kuzigusa ili wajifunze kuandika barua. Vyumba vitatu, ukuta juu ya ukuta, na wimbi ni lile lile. Hakuna ajabu basi kwamba mwanafunzi aliyepata alama za juu katika fizikia hushindwa kueleza kwa nini sauti yake hukatika mbele ya feni.

Mwezi wa Januari mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na katika ngazi hiyo walipangwa katika mikondo mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi za jamii, na ule wa sanaa na michezo. Najua mgawanyo huo una sababu zake. Walimu ni wachache, saa za siku ni chache, na hakuna kichwa kibebacho yote. Lakini mwulize anayegawa: kijana wa Buruburu atakaye kuunda sauti, akae mkondo gani? Akienda sayansi, atalipima wimbi asiliimbe. Akienda sanaa, ataliimba asilipime. Osileta ya polepole imesimama njia panda ya mikondo hiyo, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule, na yeyote anayetaka kuifuata hulazimishwa kuacha mguu wake mmoja nyuma.

Siombi mkondo wa nne, wala siombi serikali inunue vinanda elfu moja. Naomba jambo ambalo mwalimu mkuu yeyote wa Makadara au Embakasi aweza kulifanya muhula ujao: siku moja katika muhula, mwalimu wa fizikia na mwalimu wa muziki waketi katika chumba kimoja mbele ya kompyuta moja. Wa kwanza achore wimbi. Wa pili aliimbe. Mwanafunzi alifunge kwenye kichujio na kuwaonyesha wote wawili sauti yake. Katika saa moja watoto wataelewa kwamba somo lililowatisha ni mchezo wao wa jioni, na mchezo wao wa jioni ni somo. Anayesema kwamba saa hiyo ni ya kupoteza, na atuambie ni saa ngapi zimekwisha kupotea kwa kunakili wimbi lisilolia.

Najua liko neno moja la mwisho ambalo huweza kusemwa dhidi yangu. Wako watakaosema kwamba msikilizaji ndani ya matatu ya Umoja hajui osileta ni nini, naye hucheza vile vile. Ni kweli. Mlaji pia hajui kiasi cha chumvi katika mchuzi, lakini mpishi asipojua, mlaji wa kwanza kukunja uso ni yule yule asiyejua. Ujinga wa msikilizaji hauna hatia. Ujinga wa fundi ni deni, na deni hilo hulipwa kwa miaka ya kufanana na wengine.

Kwa hiyo nakuhimiza wewe, uliyeshika kitabu hiki. Usingoje ruhusa. Jioni hii kaa mbele ya feni, au kama huna feni, tumia kiganja na koo ulizopewa bure. Hesabu mitetemo. Siku utakapoipata kompyuta, ichukue sauti moja ya tayari, uitafute osileta yake ya polepole, uizime kabisa. Utasikia sauti imekufa, imenyooka kama ubao. Kisha iwashe tena kwa vipimo vyako mwenyewe: kasi ya nyundo za Kamukunji ukitaka, au mwendo wa garimoshi lipitalo Makadara, au pumzi ya bibi yako aliyelala. Mara ya kwanza itakuwa mbaya. Mara ya kumi itakuwa mbaya kidogo. Endelea kuzungusha kifundo, maana hapo unatoboa dirisha, na hakuna karani yeyote mwenye haki ya kuja kuliziba.